Gari la Kukanyaga Klachi

Nilinunua gari la kihuni nikiwa na miaka arobaini na sita. Sina neno lingine la kuliita. Lilikuwa dogo, jekundu, limeshushwa chini mpaka kuku angepita uvunguni kwa kuinama. Mlango wake wa nyuma ulifunguka kwenda juu, na juu ya mlango huo mtu alikuwa amebandika bawa, sijui alitaka liruke liende wapi. Viti vya mbele vilikuwa vya mashindano, vina kingo pembeni, ukishakaa umezama. Bomba la moshi lilikuwa limetengenezwa makusudi lingurume. Walimu wenzangu wa kike hununua magari ya kijivu yasiyo na maneno mengi. Mimi nilinunua hilo, na juu ya yote lilikuwa la manyuali, la kukanyaga klachi na kubadilisha gia kwa mkono, wakati leseni yangu niliipata kwa gari la oto na klachi sikuwahi kuigusa hata kwa bahati mbaya.

Nilifanya hivyo kwa ajili ya baba yangu.

Baba alikuwa dereva wa malori ya kahawa. Kwa miaka zaidi ya thelathini alichukua magunia vijijini Muleba akayapeleka Bukoba, masika na kiangazi, kwenye barabara ambazo siku hizo hazikuwa na lami hata ya kuonja. Alistaafu bila ajali, na jambo hilo alitukumbusha kila Krismasi kabla ya sala ya chakula. Baada ya hapo hakuendesha tena kitu chochote, si kwa sababu hakuweza, bali hakuwa na cha kuendesha. Alirudi Kishanda kwenye kibanja chake, migomba na mibuni, akakaa.

Nilipomwambia kwamba nataka kununua gari, alikuwa kwenye kiti chake barazani nami niko chini kwenye mkeka. Akanitazama kwa dharau ya kitaalamu.

"Usije ukaniletea lile la kukanyaga mafuta tu kama cherehani," akasema. "Hilo si gari. Lete lenye klachi. Nitakuendesha mwenyewe toka hapa mpaka Bukoba, wewe ukae pembeni ule karanga."

Nilicheka, naye akacheka. Lakini kwenye basi la kurudi mjini maneno yale hayakunitoka. Mimi ndiye kitinda mimba, na ndiye pekee niliyebaki karibu; kaka zangu wako Dar es Salaam na Mwanza, wanapiga simu. Baba alikuwa ametimiza miaka themanini. Nikajiambia kwamba kabla hajafa nitamwona ameshika usukani tena, barabara ya Kishanda kwenda Bukoba, mimi nikiwa abiria. Sikuwa na haja nyingine na gari. Shuleni naenda kwa miguu.

Kutafuta gari la manyuali Bukoba ni kujitafutia kuchekwa. Dalali wa kwanza aliniuliza kama nataka lori au trekta. Wa pili alinionyesha magari manne, yote ya oto, akitumaini kwamba nikichoka nitasahau nilichosema. Wa tatu ndiye aliyenipeleka Kibeta, mwendo wa dakika kumi kutoka nyumbani kwangu, kwenye ua wa mama mmoja aliyekuwa akianika maharage, akafunua turubai. Nilipoliona lile bawa nikasema hapana. Kisha nikachungulia ndani nikaona pedali tatu.

Mwenye gari alikuwa mdogo wake yule mama, mfanyabiashara wa dagaa kisiwani Goziba. Mpaka leo nikifikiria jambo hilo nachoka. Goziba hakuna barabara. Kinachokwenda huko ni boti tu. Mtu yule alikuwa akikaa huko miezi mitatu mfululizo akinunua dagaa, halafu anakuja Bukoba wiki mbili kupanda na kushuka vilima na gari lake jekundu, kisha analifunika turubai anarudi ziwani. Alikuwa analiuza kwa sababu mkewe amemwambia achague kati ya gari na paa la nyumba.

Ilibidi nimsubiri atoke kisiwani. Simu yake ilipatikana ukimpigia mara kumi, na ukimpata mlikuwa mnazungumza na upepo. Alipokuja nilimkuta ni kijana wa miaka thelathini hivi, uso umeunguzwa na jua la ziwani, mpole, na mwenye huzuni ya mtu anayemwozesha binti mahali asipopapenda. Alinitazama viatu kwanza.

"Mwalimu, manyuali unaijua?"

"Nitajifunza."

"Hapana, mama yangu. Hili si la kujifunzia. Utaniulia gia boksi."

"Nikishalinunua nitaua gia boksi yangu mwenyewe."

Hakucheka. Akasema ana sharti moja. Tutaingia garini, nitapanda nalo kilima cha pale Kibeta, nitasimama katikati, halafu nitaondoka tena bila gari kurudi nyuma. Nikiweza, tutaandikishana. Nikishindwa, atamsubiri mnunuzi mwingine. Nimenunua vitu vingi maishani mwangu, hata kiwanja, lakini sijawahi kupewa mtihani na muuzaji.

Alinielekeza nusu saa pale uani, mguu huu hapa, mguu ule pale, kisha tukaenda. Sitaki kueleza sana. Mara ya kwanza gari lilizima. Mara ya pili lilizima likaanza kurudi nyuma kuelekea shamba la mihogo la watu, akavuta breki ya mkono. Mara ya tatu alikuwa amefumba macho kabla sijaanza. Akina mama waliokuwa wakitoka dukani walisimama kabisa, wakatua mizigo, wakatazama. Nilikuwa nanuka jasho, na gari lilikuwa linanuka dagaa, harufu ambayo mpaka leo haijatoka, na nilitamani kulia. Badala yake nikafoka, ndivyo nilivyoumbwa.

"Sikiliza wewe kijana! Gari hili si langu! Ni la baba yangu. Ameendesha malori ya kahawa kabla wewe hujazaliwa. Mimi ni wa kulifikisha tu!"

Akafumbua macho. "Mzee alikuwa dereva wa lori?"

"Miaka thelathini na minne."

"Barabara ya Muleba? Ile ya zamani?"

"Hiyo hiyo."

Akavuta breki ya mkono. Kisha akachomoa ufunguo, akaufuta kwenye shati, akanipa mkononi. Alisema kama ndivyo, basi mwenye gari amepatikana. Tulipobadilisha jina kwenye kadi ya gari siku iliyofuata aliniomba kitu kimoja: mzee akiliendesha kwa mara ya kwanza nimpigie simu nimwambie alisema nini. Nikamwahidi, maana niliona ni ahadi rahisi kuliko zote nilizowahi kutoa.

Nilijifunza kwa wiki tatu. Nililizima gari mbele ya shule, mbele ya kanisa, na mara moja katikati ya msafara wa harusi. Wanafunzi wangu walijua ngurumo yake kuliko kengele ya shule. Hatimaye Jumamosi moja nikaondoka nalo mapema, nikapita Kemondo, nikafika Muleba, nikaacha lami. Huko kwenye vumbi ndiko nilipoelewa maana ya gari kushushwa. Kila tuta lilikwangua tumbo lake, na kila jiwe nililisikia kwenye meno yangu. Kilomita chache za mwisho nilikwenda polepole kiasi kwamba mzee mmoja mwenye baiskeli alinipita akanisalimia, akauliza habari za nyumbani, nikamjibu, akaendelea na safari. Lakini bomba lile lilinguruma kana kwamba nashindana.

Baba alikuwa barazani kwenye kiti chake, shati safi, kofia kichwani, blanketi jepesi magotini. Nilipiga magoti nikamwamkia. Alinipa mkono wa kulia. Nilipoinua uso nikaona anatabasamu, macho yako kwenye gari.

"Silinda nne," akasema. "Plagi moja haichomi sawasawa. Umeliona wapi hili?"

Nikamweleza. Mama akaleta maji na zile buni za kahawa tunazokaribishia wageni, tukatafuna. Nikauweka ufunguo kwenye mkono wa kiti chake, nikasema, "Tata, gari lako hilo. Twende."

Akauangalia ufunguo. "Limetoka mbali. Iache injini ipoe."

Tukala ndizi. Injini ikapoa. Akasema jua limeshakuwa kali, na tairi hizo nyembamba hazipendi jua. Nikaona ni maneno ya fundi, nikakubali. Nikarudi Bukoba nikiendesha mwenyewe.

Jumamosi ya pili miwani yake ilikuwa imepotea. Ya tatu kulikuwa na mvua. Ya nne walitarajiwa wazee wa kanisa, ambao hawakuja. Kila mara ufunguo ulibaki pale kwenye mkono wa kiti mpaka saa ya mimi kuondoka, na kila mara alinirudishia kwa mkono ule ule wa kulia.

Alichokubali ni kunifundisha. Alinituma nilitoe gari mpaka barabarani, niende hadi kwenye mti wa njia panda, nigeuze, nirudi. Yeye akabaki kitini akisikiliza. Nikirudi nilimkuta na makosa yangu yote ameyapanga. "Pale kwenye mteremko umeshuka na gia ya nne. Nani kakufundisha hivyo?" Au: "Umechelewa! Injini inakuomba gia, inakuomba, wewe umenyamaza tu." Alijua nilipo kwa sauti peke yake. Siku moja aliniambia kwamba nimekanyaga breki kwa ajili ya mbuzi, na kweli alikuwa mbuzi. Kwa Jumamosi tano nilijifunza kwa baba yangu aliyekaa kitini vitu ambavyo mafundi wa mjini hawakunifundisha, na kilima cha Kibeta nikawa napanda huku natafuna.

Lakini nilikuwa naumia. Niliamini analionea aibu gari langu. Mzee wa kanisa, dereva asiye na ajali, binti yake kamletea kitu chekundu chenye bawa. Nilijitukana njia nzima. Kwa nini sikusubiri nipate la heshima? Na yule kijana wa Goziba, kila mtandao ulipomkubali, alipiga kutoka kisiwani. "Mwalimu, mzee ameshaliendesha?" Nikajibu bado. "Anasemaje kuhusu gia ya tatu? Ya tatu ina utamu wake." Nikamwambia nitamuuliza.

Nilimwuliza Mama jikoni, tukiwa wawili. "Mama, Tata hataki gari langu?"

Alikuwa anamenya ndizi. Hakuniangalia. "Muache, bojo, mwanangu. Akitaka atasema."

Jumatano moja kulikuwa na semina ya walimu Muleba mjini. Iliisha saa sita badala ya saa kumi, chakula chenyewe kilikuwa kidogo, nikaona nipite nyumbani nikale. Sikupiga simu. Mvua ilikuwa imenyesha usiku kucha na asubuhi yote, na njia ya mwisho ilikuwa tope tupu, kwa hiyo nikaliacha gari mbali, karibu na shule ya msingi, nikavua viatu nikavishika mkononi, nikakata katikati ya vibanja vya watu mpaka kwenye chetu.

Nikawaona kabla hawajaniona. Walikuwa wanatoka chooni wanarudi barazani. Mama alikuwa amemfunga Baba kanga kiunoni, amelishika fundo lake kwa nyuma kwa mikono miwili. Baba alikuwa na fimbo mkono wa kulia. Mkono wa kushoto ulining'inia. Mguu wa kushoto ulikuwa unaburutwa, na kandambili yake ilikuwa imefungwa mguuni kwa kamba ya mgomba ili isibaki nyuma kwenye tope. Mama alisema, "Sasa," Baba akauvuta mguu. Akapumzika. Mama akasema tena, "Sasa." Kutoka chooni mpaka barazani si hatua thelathini. Nilisimama pale nyuma ya migomba, maji yakinidondokea shingoni kutoka kwenye majani, na walikuwa bado hawajafika nusu.

Kwetu mtoto humkuta mzee amekaa. Unapiga magoti, unaamkia, yeye hainuki. Akitaka maji anatuma, akitaka redio anatuma, na kadiri anavyozeeka ndivyo anavyotuma zaidi nasi tunavyojisikia vizuri kutumwa. Mzee anayeinuka kujiletea kofia mwenyewe huwaaibisha watoto wake. Mgeni akiondoka, wapo wengine wa kumsindikiza. Hivyo ndivyo nilivyolelewa, na nilikuwa nafanya yote hayo kwa adabu kila nilipokuja. Pale kwenye migomba nilijaribu kukumbuka lini mara ya mwisho nilimwona baba yangu amesimama. Sikuikumbuka. Ilikuwa kabla ya Krismasi iliyopita. Labda kabla ya ile nyingine. Alikuwa ameacha kwenda kanisani akisema mchungaji mpya ana makelele, nami nilicheka. Alikuwa ananipa mkono mmoja, nami nikadhani ni uzee. Mwalimu mzima, ninayejua mito ya nchi ambazo sijafika, sikujua kwamba baba yangu hatembei.

Nilikuwa na hasira. Nilimkasirikia Mama kwa kunyamaza, nikamkasirikia Baba kwa maneno yake ya klachi na karanga. Kwa nini aliniambia nilete? Kisha nikajiuliza angesema nini kingine, siku ile, mbele ya binti anayemwangalia kutoka mkekani kama dereva yule yule wa malori. Nikaelewa pia habari ya bomba. Ngurumo ile husikika nikiwa bado mbali, nikishaipita tu shule; siku hiyo gari lilikuwa halijafika hapo. Jumamosi zote hizo, wakati mimi nakwepa mawe, wao walikuwa na muda wa kumfikisha kitini, kumvalisha kofia na kumfunika blanketi. Zamani, enzi za basi, nilikuwa napiga simu kabla ya kuja.

Sikuwaita. Nilirudi nyuma kimyakimya, nikatembea kwenye tope mpaka shuleni, nikakaa garini. Nilikaa mpaka niliposhiba kulia. Kisha nikaliwasha, nikakanyaga mafuta gari likiwa limesimama, nikalingurumisha mpaka watoto wa shule wakatoka madarasani. Nikasubiri kidogo. Nikalingurumisha tena. Nikaenda nalo polepole sana, likiteleza huku na huku kwenye tope, na sikujali.

Alikuwa kitini, kofia kichwani. Nilipiga magoti.

"Leo si Jumatano?" akauliza. Alikuwa bado anahema.

"Nimepita tu, Tata."

"Umekanyaga sana mafuta kule shuleni. Gari halipandi kwa kelele."

Nikasema ndiyo. Ncha ya ile kamba ya mgomba ilikuwa imechungulia kwenye ukingo wa blanketi. Mama alipopita na sufuria aliisukuma ndani kwa kidole cha mguu, bila kusimama, na hapo nikaona kwamba amefanya hivyo mara nyingi.

Wiki ile sikulala vizuri. Ningeweza kusema. Ningeweza kumpeleka hospitali, kuwapigia kaka zangu, kununua kiti cha magurudumu, na baadaye mengine kati ya hayo niliyafanya. Lakini kusema kulimaanisha kwamba nimemwona, na yeye na Mama walikuwa wameteseka mwaka mzima ili nisimwone. Yule kijana akapiga simu kutoka Goziba. Nikamwambia mvua imezidi.

Jumamosi nililiingiza gari kwa kinyumenyume mpaka kando ya ngazi ya baraza, mlango wa dereva ukatazamana na kiti chake, hatua tatu tu. Nikaufungua. Nikaweka ufunguo mahali pake, kwenye mkono wa kiti. Sikumwambia twende. Nilichukua panga nikasema, "Tata, nakwenda kibanjani kukata ndizi za kwenda nazo mjini. Nitakawia huko." Nikamwangalia Mama, naye akaniangalia, na nadhani alijua pale pale. Alianza kufungua kanga yake kiunoni.

Nilikwenda mbali kadiri nilivyoweza bila kuacha kusikia. Nikasimama nimeipa nyumba mgongo. Nikasikia kiti kikilia. Nikasikia, "Sasa." Kisha muda mrefu sana, na "sasa" nyingine. Kitu kiligonga bodi ya gari, fimbo labda. Mlango ukafungwa. Halafu injini ikawaka.

Hakuondoka. Aliiacha ingurume yenyewe, chini, kwa dakika kadhaa, na nilijua anaisikiliza. Aliongeza mafuta kidogo, akapunguza. Nikajikuta natabasamu peke yangu kwenye migomba, machozi yananitoka. Nikaomba Mungu, kwa maneno hayo hayo, kwamba mguu ule ukubali mara moja tu, gia ya kwanza tu, hatua tano tu mpaka kwenye mbuni wa kwanza.

Kisha nikasikia gia ikisaga, chuma kwa chuma, sauti ambayo baba yangu alinifundisha kuiogopa. Gari likashtuka, likazima. Akawasha tena. Ikasaga, likazima. Akawasha mara ya tatu. Sikuweza kusimama bure, nikakata mkungu uliokuwa mbele yangu, na ulikuwa mchanga kabisa, hata vidole vyake havijajaa. Likazima tena. Baada ya hapo hakuwasha.

Nilisubiri Mama aniite. Aliyeniita ni Baba mwenyewe.

"Mwana wange."

Nikaitikia.

"Njoo unitoe humu."

Mama alikuwa amesimama mlangoni ameushika mkono wake wa kulia, anavuta, lakini kiti kile cha mashindano kilikuwa kimemmeza. Kingo zimembana ubavuni na chini hakuna pa kujiegemeza. Hakuna mzee angetoka mle peke yake, hata mwenye miguu yote miwili. Mguu wa kushoto ulikuwa umeingia chini ya klachi na kandambili imekwama nyuma ya pedali. Nilipiga magoti kwenye tope, safari hii si kwa kumwamkia, nikaingiza kichwa chini ya usukani. Nikafungua ile kamba. Nilishika kisigino chake, kilikuwa baridi, nikakitoa taratibu.

Juu yangu yeye alikuwa anatazama mbele, kupitia kioo, kwenye migomba.

"Klachi yako ni nzito," akasema.

Klachi ile naikanyaga kwa vidole viwili. "Ndiyo, Tata," nikasema. "Ni nzito sana. Nitamwambia fundi."

Nilipitisha mikono chini ya makwapa yake, Mama akamsukuma kwa nyuma kutoka upande wa abiria, akatoka. Alikuwa mzito. Nilikuwa nimejiandaa kumkuta mwepesi, na nilishukuru kwamba ni mzito. Aliegemea kifuani kwangu, kofia ikaanguka, na tukasimama hivyo, mimi na yeye, kwa mara ya kwanza sijui tangu lini. Nikagundua kwamba nimekuwa mrefu kuliko baba yangu. Nilisema, "Sasa," tukaenda hatua moja.

"Umeacha taa," akasema, ingawa ni yeye aliyeziwasha. "Betri itakwisha."

Nikamwambia nitazima. Mikono yangu yote miwili ilikuwa imemshika yeye.